Kibao cha Mshona Tanga

Ukidondosha penseli katika ukumbi wa klabu ile ya mashua, usijisumbue kuinama. Nenda polepole mpaka mlango unaotazama gati, utaikuta imekutangulia, imelala kizingitini. Sakafu yote imeinamia ziwani. Jengo lilikuwa ghala la pamba kabla halijawa la klabu, na waliolijenga walitaka marobota yateremke yenyewe kuelekea majini badala ya kuwavunja watu migongo. Baadaye biashara ya pamba ilihama, ghala likabaki na popo, kisha wakaja makarani tisa wa bandari na mwalimu mmoja wa hesabu, wakaomba ufunguo. Ndivyo klabu ilivyoanza. Popo hawakuhama wote.

Mtu aliyezijua habari hizi kuliko mwanachama yeyote hakuwa mwanachama. Alikuwa mtunza jengo, mtu wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, shati limechomekwa hata akiwa peke yake. Wanachama walimwita Bwana Daftari. Jina walimpa kwa utani katika mwezi wake wa kwanza, naye akalibeba miaka thelathini na minne bila kunung'unika. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufagia, kufungua, kufunga, kupandisha bendera asubuhi na kuishusha jioni. Kuandika hakukuwamo. Aliona tu siku zinapita pale bila mtu kuziweka mahali, akanunua daftari la jalada gumu, akaanza.

Kila ukurasa ulikuwa na mambo yaleyale: upepo umetoka wapi, maji yako vipi, nani katoka saa ngapi, nani karudi saa ngapi. Chini kabisa, kila siku, maneno mawili: Wote wamerudi.

Maneno hayo aliyapata kwenye ubao. Ubao ule ulikuwa ukutani karibu na mlango wa gati, mweusi, una misumari sitini, na kila msumari ulibeba kibao cha mviringo chenye jina la mwanachama. Upande mmoja wa kibao ni mwekundu, wa pili mweupe. Ukienda majini unageuza chekundu. Ukirudi unageuza cheupe. Vyote vikiwa vyeupe, bendera inashuka, mashua ya uokoaji inafungiwa bandani, na mlango unapigwa kufuli. Desturi hii ilianzishwa na yule mwalimu wa hesabu baada ya yeye mwenyewe kukwama juu ya mwamba siku nzima huku wenzake wakidhani yuko nyumbani anasahihisha mitihani. Juu ya ubao aliandika kwa rangi, kwa mwandiko wake wa darasani: KILA MTU AGEUZE CHAKE.

Chumba cha Bwana Daftari kilikuwa nyuma ya jiko la klabu. Kitanda, redio, meza aliyoiunga kwa mbao za mashua iliyostaafu, picha ya marehemu mkewe, na rafu yenye madaftari thelathini na manne yaliyopangwa kwa mwaka. Kwenye misumari miwili juu ya jiko la mafuta vilining'inia vikombe viwili vya bati. Kimoja kilikuwa na weusi wa chai usiotoka hata kwa majivu. Cha pili kilikuwa kisafi. Alikiosha kila Jumatatu, siku ambayo klabu hufungwa, akakirudisha mahali pake.

Mwaka huo klabu ilikuwa inatimiza miaka sabini, na kamati ikakata shauri kutoa kitabu. Kazi ya kukiandika ilimwangukia katibu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye siku za kazi alikuwa daktari wa meno. Akaja ukumbini mchana mmoja na kompyuta yake kwapani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, katibu. Karibu ukae. Siyo hicho! Hicho mguu wake mmoja ni wa bandia.”

Katibu akacheka, akavuta kingine. “Usiogope, leo sing'oi kitu. Nataka hadithi tu.”

“Nyie ndivyo mnavyosema mkishamlaza mtu kwenye kile kiti chenu.”

Ikawa kila alasiri anakuja, Bwana Daftari anashusha madaftari matatu matatu, na yale ya kabla ya wakati wake anayasimulia kama alivyoyasikia kwa makarani wale walipokuwa wazee. Alimweleza juu ya mashua ya kwanza, iliyoundwa kwa mbao za makasha ya mizigo, ikabaki na maandishi ubavuni: UPANDE HUU JUU. Ilikuwa haina urari hata kidogo. Kila ilipopinduka, watu wa gatini waliinamisha vichwa ili waweze kusoma. Alimweleza juu ya mwaka ambao makarani waligombana kuhusu rangi ya bendera mpaka wawili wakaacha kusalimiana, na bendera ikapeperushwa nyeupe miezi saba, wapita njia wakauliza klabu imesalimu amri kwa nani.

“Na paa?” katibu akauliza. “Baba yangu alikuwa akisema paa liliwahi kuondoka.”

“Liliondoka kweli. Mwaka wangu wa tatu hapa. Kimbunga cha mchana, dakika kumi tu. Mabati tuliyaokota ng'ambo ya barabara. Na Jumapili yake ilikuwa mkutano mkuu.”

“Mkafanyaje?”

Bwana Daftari alilinyoosha daftari mezani. “Kulikuwa na fundi. Mshona tanga. Walimwita Sindano. Alichukua matanga yote ya zamani, yaliyooza na yasiyooza, akayaunga kuwa turubai moja, akalitandaza ukuta hadi ukuta. Siku nne. Mimi nilikuwa namtungia uzi. Mkutano ukafanyika, mvua ikanyesha, halikuvuja ila mahali pamoja.”

“Mahali gani?”

“Juu ya mwenyekiti. Sindano aliapa kwamba ni bahati mbaya.”

Katibu alicheka mpaka akavua miwani. Bwana Daftari naye alitabasamu, lakini macho yake yalikwenda kwenye mlango wa chumba chake, kule viliko vikombe viwili, yakarudi haraka.

Kwa maana katika siku zile nne ndipo urafiki wao ulipoanza, na ulidumu miaka kumi na miwili. Sindano alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono wa haraka, hana mke, hana saa, hajui kukunja wala kunyoosha kitu isipokuwa tanga. Klabu ilimpa uanachama kwa sababu ya paa lile, na kibao chake kikatundikwa msumari wa kumi na tisa. Kila siku saa nne asubuhi aliacha mashine yake ya kushonea, akaja jikoni, akachukua kikombe chake bila kuombwa. Walikunywa chai. Sindano alisema, Bwana Daftari alisikiliza. Mtu mwenye maneno machache hapati rafiki kwa urahisi. Akimpata mmoja, hutulia, hatafuti wa pili.

Siku ya tano ya kazi yao, katibu alifika kwenye daftari la mwaka wa kumi na tano.

“Aa, huu ndio mwaka wa kanuni ya tisa,” akasema. “Hapa sikuhitaji kukusumbua, nimechukua kwenye ripoti ya kamati. Nisikilize kama imekaa sawa.” Akasoma kwenye kompyuta: “Mwaka huo klabu ilinusurika msiba kwa uzembe wa mwanachama mmoja, fundi wa matanga, ambaye alirudi kutoka majini, akageuza kibao chake, kisha akatoka tena kimyakimya bila kukigeuza. Mashua ilipinduka, naye akakaa majini usiku kucha kwa sababu ubao ulionyesha kuwa wote wamerudi. Tangu hapo ikatungwa kanuni ya tisa.”

Penseli ya Bwana Daftari ilimponyoka. Wote wawili waliisikia ikiviringika ukumbi mzima, taratibu, mpaka ikagonga kizingiti.

“Imekaa sawa?” katibu akauliza.

“Kiswahili chake ni kizuri,” Bwana Daftari akasema. Akaenda kuokota penseli, akakawia kuliko ilivyohitajika.

Ilikuwa hivi.

Wanachama walikuwa na ugonjwa mmoja: kusahau vibao. Mtu anashuka ameloa, ana njaa, anakimbilia bafuni, kibao kinabaki chekundu. Miaka ya mwanzo Bwana Daftari aliwafuata hukohuko, akagonga mlango.

“Bwana mhasibu, umerudi au hujarudi?”

“Sasa huyu anayejipaka sabuni ni nani?”

“Mimi sijui. Ubao unasema bado uko majini.”

Walicheka, wakachukia, wakaanza kumwambia: si ugeuze tu, wewe unatuona. Akachoka kugonga. Akabuni njia yake. Jioni alikwenda bandani, akatazama mashua moja moja, na akiona ya fulani iko mahali pake, alirudi akamgeuzia kibao, akakinyoosha kikae wima. Hakuna aliyemwagiza, hakuna aliyemkataza. Maandishi ya mwalimu wa hesabu yalikuwa palepale juu ya kichwa chake, na alikuwa ameyasoma mara nyingi hata akawa hayaoni.

Jumamosi ile kibao cha Sindano kilikuwa chekundu. Bwana Daftari akaenda bandani, akaona mashua namba nne, ya Sindano, imelala mahali pake, imefunikwa. Akarudi, akageuza kibao, akakinyoosha. Akashusha bendera, akafungia mashua ya uokoaji, akaandika: Wote wamerudi, saa kumi na mbili na robo.

Kumbe Sindano alikuwa amechukua namba saba, mashua ya klabu, ajaribu kiraka alichokitia kwenye tanga lake. Nafasi ya namba saba bandani ilikuwa wazi, lakini ilikuwa wazi wiki nzima, kwa kuwa namba saba ilikuwa karakanani. Bwana Daftari mwenyewe alikuwa ameandika hivyo asubuhi.

Kwa miaka kumi na tisa alijitafutia kisingizio. Angependa kuwa alikuwa na homa siku ile, au haraka, au mawazo ya nyumbani. Alifungua ukurasa ule mara ngapi, labda ataona neno lililomponyoka. Hakukuwa na kitu. Alikuwa mzima, ametulia, mkewe anapika, jioni nzuri kama nyingine. Alifanya alichokifanya kila siku.

Mlingoti wa namba saba ulivunjika mbali, karibu na rasi, mashua ikapinduka. Sindano aliona bendera ikishuka. Aliiona kwa mbali, akadhani inashushwa ili mashua ya uokoaji itoke. Haikutoka. Akajizungushia kamba kwenye kiganja cha kulia ili asiteleze kutoka mgongoni mwa mashua, akashikilia hivyo mpaka kivuko cha kwanza cha asubuhi kilipomwona. Alikaa hivyo muda wa saa kumi na moja na zaidi. Vidole vitatu vya mkono ule havikunyooka tena.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata, ukumbini, Sindano mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

“Kibao chako kilikuwa cheupe,” mwenyekiti wa wakati ule alisema.

“Sikukigeuza.”

“Basi kilijigeuza?”

“Mimi nasema sikukigeuza.”

Mwenyekiti akamgeukia mtunza jengo, aliyesimama karibu na mlango na daftari kifuani. “Bwana Daftari, ulimwona akigeuza?”

“Sikumwona akigeuza,” akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna neno la uongo ndani yake, na ndiyo maana lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Mwenyekiti akauliza daftari linasemaje, akasomewa. Wote wamerudi. Kamati ikaona mambo yako wazi: mtu karudi, kageuza, katoka tena. Sindano akasimamishwa msimu mmoja, na kibao chake kikaondolewa kwenye msumari wa kumi na tisa.

Hakungoja msimu uishe. Siku ya pili alikuja kuchukua vyombo vyake vya kushonea. Alipita jikoni. Bwana Daftari alikuwa ameketi mbele ya kikombe chake, anakizungusha mezani. Sindano akamtazama kwa muda.

“Chai yako inapoa,” akasema, akaenda.

Hakurudi. Ilisikika kwamba amefungua kibanda ng'ambo ya ziwa, anashona maturubai ya malori kwa mkono wa kushoto. Klabu ikapata fundi mwingine. Kanuni ya tisa ikaandikwa ukutani: anayetoka mara ya pili ageuze mara ya pili. Wanachama wapya waliiita kanuni ya Sindano, wakacheka bila kujua Sindano ni nani. Bwana Daftari tangu siku ile hakugusa kibao cha mtu. Akarudia kugonga milango ya bafu, na walimwona mzee amekuwa mkali.

Jumapili binti yake alipiga simu, kama kila Jumapili. Alikuwa muuguzi katika mji wa mbali, ana watoto wawili, na kila mara alikuwa na wimbo uleule.

“Baba, chumba kipo. Wajukuu wanauliza babu anakaa na nani huko. Niwaambie nini?”

“Waambie anakaa na popo.”

“Baba.”

“Sikiliza, mwanangu. Yule baba yako mdogo, Sindano, unamkumbuka?”

“Nitamsahau vipi? Aliyenishonea begi la shule kwa kitambaa cha tanga. Lilikuwa haliishi, mpaka nikaona aibu.”

Ndipo akamwambia. Alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe hadi anaingia kaburini. Alimweleza kama anavyoandika, kwa saa na kwa namba za mashua. 

“Miaka kumi na tisa, baba,” binti akasema. “Kwa nini leo?”

“Kwa sababu wanataka kulipiga chapa jambo hili kwenye kitabu cha klabu. Kwenye daftari langu lilikuwa kosa langu peke yangu. Likiingia kitabuni litakuwa la kwake, milele, na watoto wenu watalisoma.”

“Ukisema, watakuacha ukae hapo?”

“Hilo sijui.”

“Basi ujue chumba kipo,” akasema, na safari hii haikuwa kama wimbo.

Jumanne alasiri, katibu alipofika, hakukuta madaftari matatu mezani. Alikuta moja, limefunguliwa.

“Katibu, ile aya ya kanuni ya tisa. Si kweli.”

“Ripoti ya kamati...”

“Ripoti iliandikwa kwa kufuata daftari langu, na daftari langu lilikosea. Kibao nilikigeuza mimi.”

Akamweleza. Katibu alisikiliza bila kuandika. Alipomaliza, mwanamke yule alifunga kompyuta, akajikuna paji la uso.

“Mzee wangu, na mimi nikwambie kitu ambacho hukupaswa kujua. Siku ya sherehe kamati itakupa barua. Chumba chako kiwe chako mpaka mwisho wa maisha yako, uwe unafanya kazi au umestaafu. Kura zote zimekubali. Ukiwaletea hili sasa...” Akaacha. “Tufanye hivi. Naifuta aya nzima. Sitamtaja fundi, sitakutaja wewe. Kanuni ya tisa ilitungwa, basi. Nani atauliza?”

“Hakuna atakayeuliza.”

“Sasa?”

“Hata ile siku hakuna aliyeuliza vizuri. Waliniuliza kama nilimwona. Hawakuniuliza kama ni mimi.” Akalisukuma daftari mbele yake. “Ukifuta, wote waliokwisha kusikia watabaki na walichosikia. Na kanuni inaitwa kwa jina lake. Iandike, katibu. La sivyo madaftari haya yarudi rafuni, na kitabu chako ukiandike kwa habari za popo.”

Katibu alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa ganzi. “Basi andika wewe,” akasema. “Kwa mkono wako. Nitawasomea kamati kama ilivyo.”

Aliandika mistari minane. Ilimchukua jioni mbili. Kamati ilibishana, wengine wakisema mzee anachafua sherehe bure, wengine wakinyamaza. Mwisho katibu akawaambia kwamba bila mistari ile yeye haendelei na kitabu, watafute mwandishi mwingine. Ikapita. Kuhusu barua ya chumba, ilisemwa kwamba itajadiliwa baadaye. Bwana Daftari alikuwa ameshayaona mengi yaliyoachwa yajadiliwe baadaye katika ukumbi ule. Akaanza kutafuta makasha ya kutia madaftari.

Jumatatu, klabu imefungwa, alichomeka shati, akatia bahasha mfuko wa ndani, na kutoka kwenye mtoto wa meza akachukua kibao kimoja cha mviringo alichokihifadhi miaka kumi na tisa. Akaenda kwenye gati la kivuko. Katika miaka thelathini na minne ya kuandika nani kaingia majini, yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka. Alishika ukingo kwa mikono yote miwili njia nzima. Alipogeuka nyuma, aliona jengo la klabu dogo, paa lake na mlingoti wa bendera usio na bendera, na akapima kwa macho kuwa kutoka kule majini kila kitu kinaonekana vizuri sana.

Kibanda kilikuwa nyuma ya kituo cha malori. Ndani mtu alikuwa amekalia turubai kubwa la kijani, linamfunika miguu kama blanketi, anashona kwa mkono wa kushoto. Kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Hakuinua macho.

“Turubai au siti?”

“Si turubai wala siti,” Bwana Daftari akasema.

Sindano ilisimama hewani. Kisha mwenye jina hilo akaendelea kushona.

“Umezeeka,” akasema.

“Na wewe.”

“Mimi nilijua. Nina kioo. Kaa hapo, juu ya roli la kitambaa. Usilinyooshe.”

Bwana Daftari akakaa. Akatoa bahasha, ndani yake ukurasa wa kitabu kama ulivyotoka kwa mchapaji, akamkabidhi. Sindano alisogeza karatasi mbali na macho, akasoma polepole, midomo ikicheza. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Akaikunja ovyo, akaitia mfukoni.

“Nilijua siku ileile,” akasema.

“Ulijuaje?”

“Nilipotoka hospitali nilipita kutazama ubao, kabla hawajakiondoa. Kilikuwa kimekaa wima. Mimi katika miaka yangu yote pale sijawahi kutundika kibao kikakaa wima. Mtu wa kunyoosha vitu pale alikuwa mmoja.”

Bwana Daftari alitazama mikono yake. “Mbona hukusema?”

“Nilisema changu. Nilisema sikukigeuza. Kilichobaki kilikuwa chako.” Akavuta uzi, akaukata kwa meno. “Nikajua utakisema. Huyu mtu, nikasema, hawezi kulala na kosa daftarini. Nikangoja mkutanoni. Nikangoja nilipopita jikoni. Mwaka wa kwanza kila kivuko kikifika nilikuwa natoka nje natazama. Mwaka wa pili nilitazama kwa dirishani. Halafu kazi zikawa nyingi.”

“Nisamehe, ndugu yangu.”

Lori liliwashwa nje, likanguruma, likaondoka. Sindano alingoja mngurumo wake uishe.

“Mke wako nilisikia,” akasema. “Pole. Nilitaka kuja kuzika. Nilifika mpaka gatini.” Akatikisa kichwa. “Binti yuko wapi?”

“Muuguzi. Ana wawili. Analikumbuka lile begi.”

“Lilikuwa begi zuri.”

Bwana Daftari akatoa kibao, akakiweka juu ya turubai kati yao. Rangi ilikuwa bado nzuri, kwa kuwa kilikaa gizani. Sindano alikichukua kwa mkono wa kulia, ule wenye vidole vilivyopinda, na kibao kilienea kiganjani kana kwamba vidole vilipindwa kwa ajili yake. Akainuka, akatazama ukuta. Kulikuwa na msumari uliobeba mkasi. Akauondoa mkasi, akatundika kibao, upande mwekundu nje. Kikakaa kimeinama kushoto.

Akarudi, akajifunika turubai lake, akatafuta sindano.

Bwana Daftari alisimama. Msumari ulikuwa usawa wa bega lake, njiani mwa mlango. Mkono wake uliinuka wenyewe, kama ulivyoinuka jioni zote za maisha yake, ukafika karibu kabisa na kibao kile kilichoinama. Akauona. Akaurudisha, akautia mfukoni.

“Kivuko cha mwisho kinaondoka saa kumi,” Sindano akasema bila kuinua macho.

“Jumatatu ijayo kipo?”

“Kivuko kipo kila siku. Kipo miaka yote.”

Alirudi klabu jua likiwa bado juu. Ukumbi ulikuwa mtupu, vibao vyote vyeupe, msumari wa kumi na tisa hauna kitu. Chumbani akawasha jiko, akashusha kikombe chake, akakiosha kile cha pili kwa kuwa ilikuwa siku yake, akakitundika. Makasha mawili yaliyokwisha kujaa madaftari yalikuwa chini ya dirisha. Akakaa kwenye meza ya mbao za mashua, akafungua la mwaka huu, akaandika:

Jumatatu. Upepo wa kusini, hafifu. Maji shwari. Klabu imefungwa. Mtunza jengo alitoka saa nne, akarudi saa kumi na nusu.

Kalamu ilisogea yenyewe chini ya ukurasa, mahali pa yale maneno mawili. Akaizuia. Akafikiri kidogo, kisha akaandika kwa uangalifu, herufi moja baada ya nyingine:

Mmoja bado.